Tope Juu ya Tope

Mwalimu wetu wa kemia hapendwi, na mimi sitakaa hapa niandike kwamba anapendwa. Watu wakizeeka tuna tabia ya kuwapaka mafuta: mama wa wote, hana kinyongo na mtu, mpole kama nini. Huyu kinyongo anacho na mdomo anao. Ukimwamkia huku unatafuna anaitikia marahaba vizuri tu, halafu anakuuliza kama siku hizi na ng'ombe nao wanaamkia. Walimu wenzake walikuwa wakimkwepa saa ya chai. Kanisani wanajua kwamba mhubiri akichanganya habari za Farao na za Herode, atamkuta mlangoni anamsubiri. Anayetaka habari za mtakatifu basi akatafute kwingine.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, aliolewa na nani, hayo nayo sitayaandika. Nilipomdokeza kwamba nataka kumwandika, alisema nisithubutu kuanza na kijiji chao, maana kijiji hakikumfundisha kemia. Jina lake nimeliacha pia. Chemchem nzima, hapa Tabora, anaitwa Mwalimu, na walimu wengine wote wa mtaa ule inabidi waongezewe neno ili wajulikane ni yupi anayesemwa.

Mkoba wake ni uleule tangu nikiwa kidato cha pili. Ndani kuna Biblia, vidonge vya presha, na jiwe la shabu lililofungwa kwenye kipande cha kanga. Shabu hii hii ya sokoni, nyeupe, ya kung'aa kama sukari ya mawe, ambayo mama zetu huitia kwenye maji ya kisima mvua zikichafua kila kitu. Wenzake wa umri ule hutembea na tumbaku ya kunusa. Yeye anatembea na shabu. Nimewahi kumwona akiitoa kwenye mkutano wa ushirika, kwenye foleni ya hospitali, na mara moja kwenye harusi, akiwaonyesha watu ambao hawakumuuliza chochote.

Kuna siku tulipita Mtendeni, nje ya kibanda cha kinyozi mmoja. Kinyozi alikuwa amemkata mteja kidevuni, akachukua shabu yake akaisugua pale, damu ikakoma. Mwalimu akasimama. Akamuuliza kinyozi kwa nini damu imekoma. Kinyozi akasema ni dawa. Mwalimu akamuuliza dawa ya nini. Kinyozi akasema dawa ya damu. Basi, tulikaa pale mpaka adhana ikapigwa. Aliwaeleza kwamba damu ni maji yaliyobeba vitu vidogo sana, vidogo visivyoweza kuzama wala kuyeyuka, vinavyoelea kwa sababu vinasukumana. Na shabu inaua kule kusukumana, vinashikana, vinaganda. Mmoja wa wateja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa na muda wote hakuthubutu kudai upande wa pili.

Hapo ndipo ilipo kemia yake yote. Mengine aliyafundisha kwa sababu yalikuwa kwenye mtaala. Hili alilifundisha kwa sababu alikuwa na ugomvi nalo. Shule yetu ilikuwa na chumba kilichoandikwa maabara mlangoni. Ndani palikuwa na meza ndefu, mabomba yasiyotoa maji, na kabati ambalo ufunguo wake alikuwa nao mtu aliyehama. Mkuu wa shule alimwambia atufundishe kwa kuchora ubaoni, mtihani wenyewe siku hizi unajibiwa kwa maandishi tu. Mwalimu akachora kweli. Alichora ndoo, akaandika chini yake, ileteni kesho. Kesho yake tukaja na ndoo za maji ya lambo, kila mmoja na lambo la kwao, na chumvi ya jikoni, na siki, na majivu. Mkuu wa shule alitoka ofisini akakuta korido imejaa tope. Alimwandikia barua ya onyo. Mwalimu aliisoma mbele yetu, akasahihisha mahali palipokosewa, akairudisha.

Na alitufundisha kwa Kiswahili. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, sheria ilikuwa Kiingereza, na yeye Kiingereza alikijua kuliko wote pale, maana ndiye aliyekuwa akiandikiwa aje kusaidia wageni walipofika. Mkaguzi mmoja alipomkuta anasema chembe na chaji hasi na chaji chanya, alimuuliza kama amesahau lugha ya kufundishia. Alimjibu kwamba udongo wa lambo la Itetemia hausikii Kiingereza, na yeye anafundisha kwanza udongo, lugha baadaye. Tulishika midomo tusicheke. Mkaguzi aliandika, akaandika, akaondoka, na wiki iliyofuata Mwalimu akaendelea na chaji hasi pale alipoishia.

Siku ile ya chembe, alitutoa nje uwanjani. Akatuambia sisi wote ni udongo wa mbuga, ule laini unaochafua maji na kukataa kuzama. Kila mmoja anyooshe mikono yote miwili, na mwenzake akimkaribia amsukume. Tukaanza kuzunguka uwanja mzima tunasukumana, hakuna anayemgusa mwenzake zaidi ya viganja, vumbi linapanda. Akasema mnaona, hivi ndivyo mnavyoelea mwaka mzima, kwa kuwa wote mna chaji ya aina moja na mnachukiana. Kisha akawaita wasichana wa nyuma, akasema hawa ni chumvi. Chumvi ya jikoni ina mkono mmoja: inamshusha mtu mkono mmoja tu, kwa hiyo inahitajika nyingi. Akaniita mimi, akasema huyu ni shabu. Shabu ina mikono mitatu. Nikiingia, ninashusha mikono ya watu kwa nguvu ambayo chumvi ya jikoni haiifikii hata ikija kwa mabeseni. Nikaingia. Waliokuwa wakisukumana wakakosa cha kusukumia, wakagongana, wakaangukiana, na rundo zima likaenda chini tukicheka mpaka machozi. Mwalimu peke yake hakucheka. Akasema, haya, mmetua. Inukeni mwandike.

Alikuwa akisema pia kwamba Tabora nzima imejengwa na wabeba mizigo, kwamba chumvi ya Uvinza ilipita hapa juu ya vichwa vya watu miaka mingi kabla ya reli, na kwamba ni aibu mjukuu wa mpagazi kutojua kile babu yake alichobeba kinafanya nini ndani ya maji. Hilo lilikuwa na ukali wake kwangu, kwa sababu babu yangu mzaa mama alijivunia upagazi wa babu yake kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyefika Bagamoyo.

Mimi nilifeli kidato cha nne. Nilifeli vizuri, bila ubishi. Nyumbani waliniita kila jina. Mwalimu alikuja, akakataa kiti, akasema neno ambalo nimeishi nalo: "Mtihani umekufelisha. Kemia haijakufelisha." Halafu akanipeleka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akipika sabuni ya mafuta ya mawese, akamwambia anionyeshe kila kitu isipokuwa mwisho, mwisho atanionyesha yeye. Mwisho ulikuwa chumvi. Sabuni ikiwa bado uji mzito kwenye sufuria, unamwagia maji ya chumvi kali, na sabuni inajitenga, inapanda juu, uchafu na magadi vinabaki chini. Kitu kilekile cha lambo, ila hapa kinapanda badala ya kuzama. Leo nina banda langu Mtendeni na watu wanakuja kutoka Nzega kununua. Wakiniuliza siri yangu nawaambia chumvi. Hawaamini, na mimi sibembelezi mtu.

Sasa msidhani huyu mama ni wa hesabu tupu. Mwanamke aliyetuchapa tukisema "kidogo" bila kusema kidogo kiasi gani, nyumba yake ukiingia unatafuta pa kuweka mguu. Ndoo, chupa, magazeti, kuku. Daktari amemkataza chumvi kwa ajili ya presha. Matobolwa yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, anayachemsha bila chumvi mbele yako, kisha anatoka nyuma ya nyumba na kurudi anajilamba kidole. Anacheka imani za watu, anasema paka mweusi ni paka aliyezaliwa mweusi, lakini jua likizama hafagii. Nilimuuliza sababu. Akasema mama yake alimkataza. Nikamwambia hiyo si sababu ya kisayansi. Akasema hakusema ni ya kisayansi.

Macho yamemwishia na hataki kusikia. Anadai herufi za siku hizi zinachapwa ndogo ili karatasi isiishe. Miwani aliyonunuliwa na wanawe inakaa kwenye chupa ya maua. Miguu nayo imevimba. Lakini mwanafunzi wake yeyote akifa, atakwenda. Hajali ni mbali kiasi gani, hajali kama alimfundisha muhula mmoja. Anasema aliwaita majina yao asubuhi darasani wakaitika, kwa hiyo lazima awepo siku ambayo hawaitiki.

Ndivyo tulivyokwenda Itetemia mwaka huu, mvua zikielekea ukingoni. Aliyekufa alikuwa fundi ujenzi, ndiye aliyenijengea banda langu la sabuni, na kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wale waliokuwa udongo uwanjani siku ile. Alianguka kazini ghafla, akiwa juu ya jukwaa, hakuamka. Aliacha mke kijana, msichana wa Igunga, na watoto wawili wadogo, na nyumba ambayo alikuwa bado hajaipiga lipu upande mmoja.

Tulifika siku ya maziko, tukarudi nyumbani kwake pamoja na watu waliotoka makaburini. Wanaume walikuwa upande wa turubai, wanawake nyuma kwenye majiko, nasi tukapita huko. Nikajua kuna jambo, maana wote walikuwa wakiangalia ukutani. Mapipa matatu ya bluu yalikuwa yamepangwa ukutani, yamejaa maji ya lambo, kwa sababu bomba la mtaa ule lilikuwa limekauka. Na maji yenyewe yalikuwa meupe, mazito, kama maji ya kuoshea mchele. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu akaninong'oneza kwamba yamekaa hivyo tangu siku ya msiba. Hayatui. Yametiwa shabu, hayatui. Yameongezwa shabu, ndiyo kwanza yanazidi weupe.

Lazima niwaeleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwetu mwanamke haendi msibani mikono mitupu. Huyu analeta kuni, huyu unga, na mvua zikichafua lambo kila mmoja anafunga kipande cha shabu kwenye pindo la kanga. Akifika, baada ya kulia, anakwenda kwenye pipa, anakitia na kukikoroga kwa mkono wake, ijulikane kwamba fulani kafika. Ni heshima. Huwezi kumwambia mama wa watu rudi na shabu yako, imetosha. Ni kumwambia pole yako hatuitaki. Na fundi yule alikuwa na watu wengi.

Shangazi wa marehemu ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake pale. Mama mzito, sauti imekauka kwa kulia. Alikuwa amemlea yule fundi tangu mama yake alipofariki, amemlisha, amemsomesha kwa kuuza karanga. Sitaki mumwone kuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefiwa na hana pa kuupeleka uchungu. Na kuna mtu alikuwa amempa pa kuupeleka. Neno lilikuwa limezunguka majikoni tangu jana: maji hayatulii kwa sababu aliyekufa hajatulia, na aliyekufa hajatulia kwa sababu ndani ya nyumba yumo anayejua kilichomwangusha. Msichana wa watu, wa Igunga, nani anaijua kwao? Shangazi alikuwa ameshasema. Kabla jua halijazama arudi kwao. Watoto wanabaki. Nyumba inabaki.

Mjane mwenyewe tulimkuta chumbani, amekaa kwenye godoro chini, ukutani, mtoto mdogo amelala mapajani. Mwalimu alimpa pole. Msichana hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba maji yamemkataa. Alikuwa ameanza kuamini mwenyewe, na hilo lilinikata maini kuliko yote.

Mwalimu akatoka nje akaomba kikombe. Akachota kwenye pipa la kwanza, akaonja, akanipa nionje. Ukakasi ulinikamata ulimi. Akawauliza wanawake ni nani aliyetia shabu. Kisha mmoja akasema mimi. Mwingine akasema na mimi. Mikono ikaanza kupanda, hii, ile, mama mchungaji, wale wa kwaya, mpaka Mwalimu akaacha kuangalia.

Pale ndipo nilipotamani aseme taratibu. Hajui kusema taratibu. Aliwaambia mbele ya masufuria yote kwamba maji yale hayana mkosi, yana heshima yao. Kwamba chembe za udongo zinaelea kwa sababu zinachukiana, shabu kidogo inaziondolea chuki zinashikana na kuzama, lakini shabu ikizidi inazivika kila moja vazi jipya, na katika vazi hilo zinaanza kuchukiana upya kwa upande wa pili. Kadiri mnavyoongeza ndivyo zinavyokimbiana. Kuna mama aliinuka akaenda zake, na ninaambiwa mpaka leo hamwamkii.

Kisha akasema tumletee maji ya lambo, machafu, ambayo hayajatiwa kitu.

Walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilielewa baada ya kitambo. Tope lililovikwa shabu lina chaji ya upande mmoja. Tope bichi la lambo lina ya upande mwingine. Yakikutana hayasukumani, yanakimbiliana. Tope lingetibu tope. Lakini kwa kipimo gani? Kikipungua hakitoshi, kikizidi unabaki na uchafu tu. Kwa hiyo tulijibanza nyuma ya jiko, nikakata chupa tupu za maji, tukazipanga: maji ya pipa yaleyale, tope kidogo katika ya kwanza, zaidi katika ya pili, zaidi katika ya tatu, hivyo hivyo. Nilikoroga haraka, kisha polepole, kama alivyotufundisha. Tukangoja. Mwalimu alikuwa ameinama pua inagusa plastiki na najua haoni kitu.

Hatujangoja vya kutosha, shangazi akafika. Nyuma yake walikuwapo wanaume wawili wa ukoo, na mmoja alikuwa ameshika mfuko wa nguo za mjane. Bajaji ilikuwa imeshaitwa, imesimama barabarani inanguruma.

"Mwalimu," shangazi akasema, "umekuja kuzika au umekuja kucheza na maji?"

"Nimekuja kumzika mwanafunzi wangu," Mwalimu akamjibu. "Mke wake simziki leo."

Yule mwenye mfuko, mzee wa makamo, alisema Mwalimu ni mgeni katika ukoo ule na mambo ya ukoo ayaache. Mwalimu akamjibu kwamba hata yeye mzee alimfundisha darasani, na kama angesikiliza asingekuwa amebeba mfuko wa nguo za mwanamke aliyefiwa. Kisha akaniuliza, bila kugeuka, chupa ipi inashika. Nikainama. Katika ya tatu niliona kitu kama vumbi la pamba, vinyuzi vidogo vinaanza kushikana. Nikasema ya tatu, nadhani.

"Unadhani au unaona?"

Nikaangalia tena. Nikasema naona. Ukweli ni kwamba nilikuwa katikati ya yote mawili.

Akasema mjane aletwe nje. Wanawake wakaguna, mjane hatoki, lakini akasema aletwe, na awe yeye atakayemwaga, kwa mkono wake, mbele ya wote. Kama maji yanamkataa, yamkatae hadharani. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, Mwalimu, chupa hazijamaliza. Aliutoa mkono wake kwangu kama unavyotoa jani lililoanguka begani.

Msichana akatoka, kanga usoni, jua limempiga machoni. Nikampimia ndoo ya tope kwa kipimo cha ile chupa ya tatu. Akaangalia lile tope la lambo, akaangalia pipa, akamwangalia Mwalimu. Mwalimu akamwambia amwage. Akamwaga. Maji meupe yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo nyuma yetu mtu akasema, mnaona, kaharibu kabisa. Nikampa mwiko mkubwa wa ugali akakoroga, haraka kwanza, kisha Mwalimu akamshika mkono akampunguza kasi, taratibu, taratibu, mpaka maji yakawa yanazunguka yenyewe.

Halafu hakuna la kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ya kemia ambayo hakuna kitabu kinachoisema, ule muda unaosimama na mikono yako. Kuku walipita. Mtoto akaamka ndani akaanza kulia, na mama yake hakuweza kwenda. Maharage yalikuwa yakichemka, mtu akayaongezea maji kutoka kwenye kidumu chake. Shangazi alisimama mikono kiunoni. Mimi nilikuwa nasali, sioni aibu kusema, nikiwa nimekazia macho pipa lile.

Vilianza kuonekana vikiwa vidogo kama pumba. Kisha vikawa vikubwa, vikawa vinashuka, kama unavyoona majani ya chai yakishuka kwenye kikombe. Juu kukabaki kamstari ka maji yasiyo na rangi. Kamstari kakapanuka. Mwanamke mmoja akasogea, kisha wengine, kisha wote wakawa wamezunguka pipa. Tulipofika mahali pa kuona mshono wa pipa upande wa ndani, chini kabisa, yule jirani yangu akaanza kulia.

Shangazi akaja na kikombe. Akachota juu. Akakishika kwenye mwanga muda mrefu, zaidi ya muda unaohitajika kuona maji. Nilidhani atasema ni uganga, ni Mwalimu kafanya mambo yake. Akanywa. Kisha akamgeukia yule msichana.

"Ingia ndani mwanangu," akasema. "Jua ni kali."

Alichukua mfuko wa nguo kwa yule mzee akaurudisha chumbani mwenyewe. Bajaji iliondoka. Mapipa mawili yaliyobaki yalitibiwa na wanawake wenyewe, na Mwalimu, badala ya kushukuru Mungu akae kimya, akawatangazia kwamba kuanzia leo msibani shabu atatia mtu mmoja tu aliyechaguliwa, wengine walete kuni, na heshima yao itaonekana kwenye moto. Wapo walionuna. Ninawajua kwa majina. Wakinuna hata mwaka mzima, yule msichana yupo kwenye nyumba ya mumewe, na juzi nimeona upande uliokuwa haujapigwa lipu umeanza kupigwa.

Jioni ile nilimrudisha Mwalimu Chemchem kwa bajaji. Njia nzima alilalamikia mashimo, akalalamikia kwaya kwamba sauti ya tatu ilikuwa chini. Mimi nilikuwa bado na lile pipa kichwani. Pipa si chupa. Nilipima kwa macho. Na vile vinyuzi nilivyoviona nilivitamani kabla sijaviona. Tulipokaribia kwake nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, na kama maji yangekataa kutua?

"Ningesema ni mimi niliyeyachafua," akasema.

Nilidhani sijamsikia vizuri. Akarudia, kwa subira, kama anavyorudia kwa mwanafunzi mzito. Angewaambia kwamba yeye ndiye aliyetia kitu katika mapipa, tangu siku ya kwanza, kwa mkono wake. Mzee, anaishi peke yake, macho mekundu, ambayo watu husema ni ya wachawi, anayo, nusu ya mtaa wanamwogopa tayari. Wasingehitaji ushahidi mwingine. Wangemwacha yule binti, wangemgeukia yeye.

Nikamwambia, Mwalimu, wazee wameuawa kwa chini ya hapo. Watu wale wangekuua.

"Wangejaribu," akasema, akashuka kwenye bajaji mwenyewe, mguu mmoja, kisha wa pili, akiukataa mkono wangu.